Kufunga dishi ya TV nyumbani hapa Mombasa: mwongozo kamili, kuanzia kuangalia mbingu mpaka picha itulie

Watu wengi wanaanzia mwisho. Mtu aona ofa, anunua dekoda na dishi, apakia kwenye tuktuk mpaka nyumbani, halafu ndo anaanza kuzunguka nyumba kutafuta pa kuifunga. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo hivyo mara ya kwanza nikiwa nimepanga Kisauni, fundi akaja jua linataka kuzama, ana haraka, akaifunga kwenye chuma za balkoni manake ndo palikuwa rahisi kufika, picha ikashika, nikamlipa tukaagana kwa furaha. Haukuisha mwaka boliti zote zimeliwa na kutu, kusi ikavuma usiku mmoja, asubuhi naikuta dishi imeinama kama mzee anayesinzia barazani. Na ilikuwa Jumamosi, siku ya mechi.

Tangu hapo nimesimamia kufungwa kwa dishi tatu, yangu moja na mbili za jamaa zangu, na ile ya mwisho niliifunga kwa mkono wangu. Nilichogundua ni kuwa kazi kubwa iko kwenye kuchagua mahali na kuzuia chumvi ya bahari, hizo habari za mita ya kupimia signali na namba zinazotisha watu ni za saa moja tu. Na kitu kingine, miongozo mingi ya mtandaoni imeandikwa na watu wa Ulaya, wanakwambia elekeza dishi kusini. Ukifuata hiyo hapa utaelekea Likoni na Shelly Beach mpaka uchoke na hutapata kitu.

Kwanza, una haja ya dishi kweli?

Hili nalipitia haraka. Mitambo ya analogi ilizimwa Kenya 2015, siku hizi hata chaneli za bure zinakuja kidijitali. GOtv haitumii dishi, inashika mawimbi ya minara ya hapa hapa chini kwa zile antena za mfupa wa samaki. StarTimes wanazo aina mbili, ya antena na ya dishi, kwa hivyo dukani uliza vizuri kabla hujatoa pesa. DStv na Azam ni dishi. Kama shida yako ni taarifa ya habari ya saa moja na vipindi vya nyumbani, antena yatosha na haina taabu ya kupanda rufu. Kama ni mpira, au chaneli za nje, au unakaa mahali mawimbi ya mnara hayafiki vizuri, basi twende kwenye dishi.

Jua mbingu yako kabla hujanunua chochote

Hapa nitakaa kidogo manake ndo pana siri yote.

Setelaiti za TV ziko juu ya ikweta, kimo cha kilomita 35,786, na zinazunguka sawa sawa na dunia inavyozunguka, ndo maana ukiwa chini ni kama zimegandishwa pale pale hazisogei. Sasa Mombasa tuko digrii 4 tu kusini ya ikweta, kwa hivyo ule mstari wa setelaiti unapita karibu na utosi wetu, umelalia kaskazini kidogo. Hivyo dishi zetu hazilali kama za Ulaya, zinaangalia juu. Wengine wakiiona dishi imetazama mbinguni kama sahani inayongojea kutiwa pilau wanadhani fundi amekosea, wala hajakosea.

Mwelekeo tunao bahati nao. Makka iko kaskazini mwa Mombasa karibu moja kwa moja, sisi tuko longitudo 39.7 na wao 39.8, kwa hivyo ukijua kibla ushajua kaskazini, huhitaji dira. Na bora usiitegemee sana dira ya simu, ukisimama karibu na mabati au nondo inakudanganya mchana kweupe.

DStv ya Kenya inatoka setelaiti ya digrii 36 mashariki. Simama uelekee kibla, halafu nyosha mkono wa kushoto, huo unaelekea machweo. Katikati ya kibla na machweo, yaani kaskazini magharibi, ndo upande wake. Halafu pandisha macho juu mpaka karibu na utosi kabisa, digrii 83 hivi, imebaki saba tu iwe wima. Kwa hivyo DStv hapa kwetu haijali sana jengo la jirani. Ukuta unaoizidi dishi yako mita 10 kwenda juu, dishi ikikaa umbali wa mita moja na nusu tu ishaona mbingu yake. Adui wa DStv ni kitu kilicho juu ya kichwa: mnazi, mwembe, mwarobaini, ukingo wa paa, au balkoni ya ghorofa ya juu yako. Ndo maana mtu anaifunga kwenye balkoni ya flati, dari ya jirani iko juu yake, halafu anashangaa mbona hakuna kitu.

Azam ni kinyume. Yake iko digrii 7 mashariki, na kwa tulipo hapa hiyo ni upande wa machweo. Simama uelekee machweo, geuka kulia kidogo sana, upana wa vidole vitatu vinne ukinyosha mkono mbele yako, halafu pandisha digrii 52, zaidi kidogo ya nusu ya njia kutoka upeo mpaka utosini. Hii ndo inazuiwa na majengo. Ghorofa iliyo upande wa machweo ikikuzidi mita 10 kwenda juu, dishi lazima ikae umbali wa mita 8 au zaidi. Ukiwa Tudor au Bamburi umebanwa na maflati, hesabu hiyo ifanye mapema, na ukiona kuna kiwanja kitupu upande huo jiulize pia kama mwenyewe hana mpango wa kujenga.

Wale wanaotaka chaneli za Kiarabu za bure, Makka moja kwa moja na kadhalika, hizo wanazitafuta Nilesat digrii 7 magharibi au Badr digrii 26 mashariki. Nilesat iko chini zaidi, digrii 36 tu juu ya upeo upande wa machweo, Badr iko juu digrii 73. Mawimbi yao yamelengwa zaidi Uarabuni na kaskazini ya Afrika, ndo maana ukiangalia rufu za Mji wa Kale utaona yale madishi makubwa makubwa. Usinunue kidishi kidogo kwa kazi hiyo utajuta.

Kwa hivyo ile tabia ya kusema "we angalia tu dishi ya jirani imeelekea wapi" ni sawa ikiwa mnatumia kampuni moja. Jirani ana Azam, wewe una DStv, ukimuiga umepotea kabisa.

Kuna ujanja mmoja naupenda sana. Mara mbili kwa mwaka jua linapita nyuma ya setelaiti hasa. Kuanzia kama tarehe 19 mpaka 25 Machi jua liko sawa na DStv kwenye saa saba kasorobo mchana, na sawa na Azam kwenye saa tisa. Tarehe 18 mpaka 24 Septemba ni hivyo hivyo, ila inakuwa mapema kwa kama robo saa. Siku hizo nenda pale unapotaka kuweka dishi wakati huo. Ukipigwa na jua, mbingu iko wazi. Ukiwa kivulini, chochote kinachokutia kivuli ndo kitakachokuzuia picha. Haihitaji mita wala programu ya simu. Miezi mingine tumia hizo programu za kutafuta setelaiti kwa kamera ya simu, ziko za bure, ila kwa upande wa kaskazini iamini kibla kuliko simu.

Ruhusa

Kama umepanga, ongea na mwenye nyumba au keateka kabla ya kutoboa ukuta. Na msikubaliane kwa mdomo tu, mtumie meseji akujibu, manake siku ya kuhama ndo utaambiwa ulitoboa bila ruhusa na deposit inakatwa. Maflati mengi yana sheria kuwa dishi zote ziende kwenye slabu ya juu, sio balkoni, na wengine wana dishi moja ya jumla unaunganishwa waya tu. Uliza hilo kwanza, huenda huhitaji kununua dishi kabisa.

Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, usitoboe uso wa nyumba ya zamani au roshani ya mbao ukaning'iniza dishi mbele ya barabara. Pitia ofisi ya hifadhi uulize kwanza. Mara nyingi juu ya rufu nyuma, pasipoonekana kutoka chini, ndo panapofaa, na kusema kweli hata mbingu ya huko ni bora.

Ununuzi: hapa ndo chumvi inakungojea

Dishi za kawaida ni kuanzia sentimita 60 mpaka 90. Mimi kwa Pwani nasema chukua 90 kama upepo wa ulipo si mkali kupita kiasi, manake bakuli kubwa linakupa akiba ya signali siku za mvua. Lakini bakuli kubwa pia linashika upepo kama tanga, kwa hivyo lazima lifungwe kisawasawa. Ukiwa karibu sana na bahari, ile Nyali ya mbele au Shelly, angalia kama utapata ya aluminiamu badala ya bati la chuma. Ya chuma ikikwaruzwa rangi kidogo tu, kutu inaanzia hapo.

Kabla hujalipa, geuza dishi uangalie bano la nyuma, lile lenye vipimo vya digrii. Kwa DStv unataka lifike mpaka 83 na lipite kidogo. Kuna mabano yanayoishia njiani, halafu fundi analazimika kupinda nguzo au kuunga unga vyuma, kazi inakuwa ya jua kali hasa.

Boliti na nati zinazokuja kwenye boksi mimi huwa nazitia mfukoni nazisahau. Nunua za chuma kisichoshika kutu, ni ghali kidogo lakini ni vipande kumi tu au kumi na mbili. Nguzo au mkono wa ukutani uwe wa chuma kilichochovywa zinki, na mahali popote palipokatwa au kuchomelewa pakwa rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, usiseme kesho.

Waya ni RG6, wa nyaya nene ya shaba katikati. Kuna waya mwembamba wa bei nafuu unafanana nao ukiuangalia haraka, huo ni wa kamera na TV za zamani, ukatae. Soma maandishi kwenye ganda lake. Pima urefu kwa kamba kutoka dishi mpaka TV kabla ya kununua, ongeza mita mbili tatu. Ukizidi mita 30 hivi signali inaanza kupungua, na kiungo chochote katikati ya waya kinaila zaidi, kwa hivyo uwe mmoja mzima usio na viungo.

LNB, yaani kile kichwa kinachokaa mbele ya dishi, lazima ifanane na dekoda yako. Dekoda ya kawaida inatumia LNB ya kawaida. Explora ya DStv inayorekodi yataka LNB yake maalum. TV mbili zenye dekoda mbili zataka LNB yenye matundu mawili na waya mbili, kwa hivyo sema mapema, sio fundi ashashuka ngazi ndo unakumbuka chumba cha wazee.

Ongezea konekta za kusokota, tepu ya mpira ile inayojishika yenyewe, silikoni ya nje, vibanio vyeusi vya kufungia waya (vyeupe vinapasuka kwa jua), na TV gadi ya kuilinda dekoda na stima inayoruka ruka. Wewe mwenyewe wajua stima yetu.

Kuelewana na fundi

Kama hujawahi kupanda ngazi yenye urefu wa maana, mwite fundi, sio aibu. Kampuni zina mafundi wao na kuna wa mtaani wazuri sana. Nachosisitiza ni bei iwe imekubaliwa kabla hajafungua begi, na iwe imetaja waya, boliti, konekta na kurudi mara moja kurekebisha ikisogea. Mimi mara ya pili fundi aliniambia elfu moja mia tano, akimaliza ikawa elfu tatu, ati waya ulizidi na konekta ni zake. Tulivutana nusu saa mlangoni, majirani wanasikiliza. Siku hizi nanunua vitu vyote mwenyewe, fundi nampa ufundi tu.

Pesa za kifurushi usimpe fundi mkononi akulipie. Lipa mwenyewe kwa M-Pesa kwenye Paybill ya kampuni, kwa namba yako ya akaunti, na akaunti iwe kwa jina lako na simu yako. Kuna watu dekoda yao imesajiliwa kwa jina la fundi aliyehama zamani, kila kukiwa na shida lazima amtafute.

Na mwite asubuhi. Mchana kwenye slabu ya Mombasa unaweza kukaanga yai, na mtu anayeungua miguu hafanyi kazi kwa utulivu.

Kufunga nguzo

Nguzo iwe wima kabisa, pima kwa pima maji pande mbili. Ikilala hata kidogo vipimo vyote vya bano vinakuwa uongo.

Ukuta wa zege au boriti ya slabu ndo bora, boliti zile zinazotanuka ndani zinashika vizuri. Lakini nyumba nyingi za huku ni za mawe ya matumbawe, na hayo ni laini, boliti ikitanuka inaponda jiwe, leo imekaza, baada ya mwezi inacheza. Tumia boliti ndefu zaidi, usitoboe kwenye chokaa baina ya jiwe na jiwe, na kama ukuta ni wa zamani sana pitisha boliti mpaka upande wa pili uweke kipande cha bati nene ndani ibane. Paa la makuti usiliguse, simamisha nguzo yake pembeni ardhini kwenye zege. Paa la mabati nalo linatetema kusi ikianza, halafu kila tundu la boliti ni tundu la mvua. Bora ukutani.

Angalia nyaya za stima zinazopita juu kabla ya kusimamisha ngazi au nguzo ya chuma. Kaa mbali nazo mita tatu au zaidi. Kama hazikuachii nafasi hiyo, badilisha mahali, hapo hakuna mjadala. Ngazi ishikwe na mtu mzima, sio mtoto anayecheza simu.

Waya na maji

Mkono wa LNB ukishafungwa, vua ganda la waya taratibu usikate zile nyuzi nyembamba za nje, zikunje nyuma, na hakikisha hakuna hata moja inayogusa shaba ya katikati. Ikigusa ni shoti, na dekoda ndo inayoumia manake ndo inayopeleka umeme juu kwenye LNB, volti 13 au 18. Kwa sababu hiyo hiyo usichomeke wala kuchomoa waya wa dishi dekoda ikiwa imewaka. Zima ukutani kwanza. Kila mara.

Konekta ya LNB iangalie chini, funika kwa tepu ya mpira kuanzia kwenye LNB mpaka inchi mbili za waya, uivute ikinyooka ndo inajishika. Halafu kabla waya haujaingia ukutani uache ushuke chini kidogo kama tumbo ndo upande tena uingie, maji yadondokee pale kwenye tumbo. Tundu la ukuta litobolewe likiteremka kuelekea nje. Haya mambo madogo watu wanayadharau, na ukichunguza "dekoda mbovu" nyingi za Mombasa utakuta ni konekta imejaa kijani cha chumvi ndani.

Kuelekeza

Sasa raha inaanza. Chomeka TV ndogo na dekoda karibu na dishi kama waweza, au mtu awe ndani anakusomea kwa simu. Fundi atakuwa na mita yake. Ingia kwenye menyu ya dekoda, utaona mistari miwili, nguvu ya signali na ubora wa signali. Nguvu isikudanganye, inaweza kuwa juu hata ukielekeza kwenye mwembe. Unachotafuta ni ubora.

Weka bano kwenye digrii zako, 83 kwa DStv au 52 kwa Azam, kaza kiasi isicheze lakini bado isogezeke. Usijaribu kupima kwa kuitazama sura ya dishi, hizi bakuli zimetengenezwa zipokee kwa pembe, zinaonekana zimelala chini kuliko zinapoangalia kweli. Fuata vipimo vya bano.

Kwa Azam anza machweo, zungusha polepole kuelekea kulia, digrii moja, ngoja sekunde tatu nne, digrii moja, ngoja. Watu wanakosa kwa haraka, dekoda inahitaji muda kushika. Kwa DStv, kwa sababu iko karibu na utosi, kuzungusha kushoto kulia kunabadilisha kidogo sana, kipimo cha juu chini ndo chenye maneno, nusu digrii inaonekana. Kwa hivyo DStv hangaika na ile boliti ya kupandisha.

Ukipata ubora, hamia kwenye LNB yenyewe, izungushe ndani ya kishikio chake. Kwetu haikai wima hata kidogo. Kwa DStv inalala kama digrii 40, kwa Azam inalala karibu ubavu kabisa, 80 na kitu. Upande wa kulalia utauona kwenye mita, ukikosea ubora unaanguka, ukipatia unapanda. Hapa ndo unapata zile pointi za mwisho zitakazokuokoa mvua ya Mei.

Kaza boliti kwa zamu, kidogo kidogo huku unaangalia mita, manake kukaza upande mmoja kunaisogeza dishi. Ukimaliza, chukua rangi ya kucha, ya mke wako, dada yako, yeyote atakayekubali, upige mstari unaopita bano na nguzo. Siku dishi ikisogezwa na upepo unairudisha kwenye alama bila kumwita mtu.

Ndani

Dekoda iwe mahali pa hewa. Na naomba radhi kwa mama zetu lakini kile kitambaa cha kufuma kinachofunika dekoda kiondolewe, joto la huku latosha. Pitisha stima yake kwenye TV gadi. Tafuta chaneli, soma namba ya dekoda au kadi, sajili, lipa, halafu iache imewaka kwenye chaneli kama nusu saa ipokee ruhusa. Wengi wanaizima wanaiwasha kila dakika mbili wakidhani wanaisaidia, wanaichelewesha tu.

Mvua, jua na kunguru

Mvua kubwa ya masika ikishuka picha itakatika dakika kadhaa, mawimbi haya yanamezwa na maji mazito hewani. Ikirudi mvua ikipungua, dishi yako ni nzima. Ikikatika kwa manyunyu tu, au ikakaa siku nzima baada ya mvua kupita, basi ubora ulikuwa mdogo tangu mwanzo au maji yameingia kwenye konekta. Kabla radi hazijafika karibu, chomoa stima na waya wa dishi vyote viwili.

Zile siku za Machi na Septemba nilizotaja, picha itapotea dakika chache mchana kwa siku kadhaa, jua linaipiga LNB kelele. Usimpigie fundi, usiguse chochote. Mjomba wangu alipanda rufu saa saba ile, akaisogeza dishi "kuitengeneza", jua likapita na picha haikurudi, ikabidi tuanze upya.

Halafu kunguru. Sijui wa bara wanateseka na nini lakini sisi tuna kunguru, wanakaa kwenye mkono wa LNB wawili watatu, wanadonoa tepu, na wakiwa na kiota wanakuja kuvuta waya wowote uliolegea. Funga waya kila sentimita 30 usiwe na pa kushikia. Na kwa vile dishi ya DStv imetazama juu, majani ya mwarobaini na mavi ya ndege yanakusanyika ndani ya bakuli, panda mara mbili kwa mwaka uifute kwa kitambaa chenye maji, bila kuegemea bakuli. Ukiwa huko huko pitisha mkono kwenye boliti, paka grisi, tazama tepu. Wakati mzuri ni kabla ya kusi kuanza, mwezi wa tatu hivi.

Ukihama, chukua dishi, LNB na dekoda, lakini waya uliopita ukutani uache, ukiuvuta unaharibika na tundu linabaki wazi. Vua boliti za nguzo, ziba matundu kwa simenti, piga picha na umtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo. Na kule unakohamia, kabla hujashusha hata godoro, panda juu uangalie upande wa kibla na upande wa machweo.